Koili ya Silinda ya Pili

Sogeeni karibu. Jibu la kisa hiki sinalo, kwa hiyo msije mkanipekua mifukoni.

Palikuwa na ndugu watatu kule Muheza, watoto wa marehemu Mzee Shekigenda. Zubeda, wa kwanza, alikuwa mshonaji mwenye masikio: cherehani ikiruka mshono mmoja chumba cha pili, yeye ameshajua. Hoza, wa kati, mwalimu wa sayansi, alikuwa na subira. Asipojua jambo hakisii, hupima. Mbwana, kitinda mimba, hakuwa na masikio wala subira. Yeye alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Hata kanzu yake ya Idi aliwahi kumvulia mgeni.

Baba yao alipofariki, mama yao, Bi Mwanamkuu, alikaa eda. Miezi minne na siku kumi hakulia. Alikula akipewa, akalala akiambiwa. Watoto nao walikuwa wamekufa ganzi, wanaitikia pole za watu kwa midomo tu. Jambo moja ndilo lililowaamsha: mama akakae kwa nani. Kila mmoja alimtaka, na kila mmoja alikuwa na chumba.

Asubuhi ya kutoka eda walibishana tena mbele yake. Mama akawaacha mpaka wakachoka.

"Gari la baba yenu lipo uani," akasema. "Atakayelifanya litembee leo, nitapanda humo niende kukaa kwake. Kesho sitakuwa na nguvu ya kuamua."

Lilikuwa gari dogo la familia, na lilianza kutetemeka wiki ile ile mzee alipoanza kuugua. Fundi mmoja alishabadilisha plagi zote nne, na wapi. Betri walikuwa wameichaji kwa jirani. Hoza akakaa ukingoni mwa kiti cha dereva, akaliwasha. Likatikisika, taa ya injini ikawaka, na kile kimlima cha kutokea barabarani kikalishinda, likarudi kinyumenyume hadi uani.

"Injini imekufa hiyo," akasema Mbwana. "Ishushwe."

Zubeda akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. "Haijafa. Nasikia mapigo matatu, la nne linaruka. Silinda moja haifanyi kazi, hizo nyingine nzima. Injini msiiguse." Na hawakuigusa, maana walimjua.

Lakini silinda ipi, na kwa nini? Hapo akaingia Hoza. Aliwaonyesha vidude vinne vyeusi vilivyojipanga juu ya injini. "Hizi ni koili," akasema. "Umeme wa betri ni mdogo. Koili inaukuza mpaka plagi itoe cheche. Kila plagi na koili yake." Akazima gari, akachomoa waya wa koili ya kwanza, akawasha. Mtetemo ukazidi, basi hiyo ilikuwa nzima. Akazima, akaurudisha. Akachomoa wa pili, akawasha. Hakuna kilichobadilika.

"Basi ndiyo hiyo mbovu," akasema Mbwana.

"Bado. Pengine koili nzima, plagi yake ndiyo mbovu." Akang'oa koili ya pili akaipeleka kwenye silinda ya tatu, na ya tatu akaileta kwenye ya pili, kisha akapima upya, waya mmoja baada ya mwingine. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Adhuhuri iliadhiniwa yeye akiwa bado ameinama pale, lakini sasa walikuwa na hakika.

Duka la vipuri halikuwa na koili ya aina hiyo. Ingetoka Tanga, kesho kutwa. Zubeda akakaa chini kwenye kizingiti. Hoza akajifuta mikono. Huzuni waliyoikimbia miezi minne iliwakuta hapo uani.

Mbwana alikuwa amekuja na gari lake kutoka Handeni anakoishi, aina ile ile. Akalifungua boneti bila kumwambia mtu, akang'oa koili moja, akaileta kiganjani.

"Sasa wewe utarudi na nini?" Hoza akamuuliza.

"Ifunge," akasema Mbwana.

Koili ikaingia, bolti ikakazwa, waya ukachomekwa. Gari likawaka, likatulia kama lilivyokuwa likitulia mzee akirudi kazini. Bi Mwanamkuu akatoka na begi lake, akakaa kiti cha abiria, akaweka mkono juu ya dashibodi. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesogezwa nyuma kabisa, kwa miguu mirefu ya marehemu. Hakuna aliyekuwa amekisogeza.

"Bila mimi mngeshusha injini nzima," akasema Zubeda.

"Na koili ipi, ungeijuaje?" akasema Hoza.

"Hata mngeijua," akasema Mbwana, "mngefunga nini?"

Kisha Zubeda akasema polepole, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mama."

"Najua, mwanangu. Lakini mimi nina mwili mmoja, na usiku nalala mahali pamoja." Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kwanza tangu msiba, naye hakuyafuta. "Baba yenu alikuwa hanisubirishi. Aingie mmoja twende."

Injini inanguruma, mafuta yanapungua, kiti kiko wazi. Haya, nyie mnaonisikiliza: mngemkalisha nani?