Siku Digidigi Alipoifua Mbingu

Hapo zamani za kale, na wewe uliyekaa kizingitini usiniulize ni lini, mbingu ya mchana ilikuwa nyeupe pe. Rangi haikuwa nayo hata chembe. Ilichoma macho, kwa hiyo wanyama walishinda ndani, milango wameifunga, kila mtu na lake.

Katika kijiji kimoja aliishi Bibi Digidigi, mdogo, miguu kama vijiti vya mshikaki. Mumewe, Kibwana, alikuwa amefariki. Digidigi mnawajua, hutembea mume na mke, humwoni mmoja bila mwenzake.

Wakati wa matanga nyumba ilijaa. Tembo alilala ukumbini, akakoroma mpaka sufuria zikagongana. Twiga alipika uji. Matanga yakaisha, wakakunja mikeka yao, wakaaga. Upweke ulianza hapo, maana msiba ukiwa na watu hata nafasi ya kulia vizuri huipati.

Ikawa Bibi Digidigi akipika, anapika chungu kilekile cha watu wawili, nusu anamwaga. Akiongea, anajijibu mwenyewe. Siku moja akatoka kwenda kwa Tembo.

"Hodi humu."

"Nani? Na jua lote hili? Njoo kesho, shemeji."

Kesho ikawa ni hiyo kesho. Kwa Twiga mambo yaleyale: "Shoga, macho yananiuma, tutaonana tu."

Bibi Digidigi alirudi kwake akalia. Alilia kwelikweli, simwongezei. Alipomaliza akafuta pua, akawaza: hawa kwa kuitwa hawaji. Watakuja kwa kusemwa.

Asubuhi akasimama dirishani kwa Tembo.

"Shemeji, mimi si mtu wa maneno, lakini Twiga anasema mbingu yetu imechafuka kwa mavumbi yako unayojirushia."

Mlango ukafunguka, kwaa.

"Mavumbi yangu?"

"Ndivyo anavyosema. Mimi nimemwambia shemeji yangu ni msafi. Ningekuwa na nguvu ningeifua mwenyewe, aone."

"Utaifua. Maji nitaleta mimi."

Huyo, mbio, tiki tiki tiki, mpaka kwa Twiga.

"Shoga, Tembo anasema mbingu ina doa la mafuta yako ya kichwani. Ati ni wewe peke yako unayeifikia."

"Mafuta yangu mimi? Yeye ambaye kichwa chake hakijawahi kuona kitana?"

"Basi ishushe tuifue uani kwangu, tumwone atasema nini."

Walipofika, Twiga akanyoosha shingo, akashika pindo la mbingu kwa meno, akavuta. Pwaa, ikaanguka uani. Kule juu kukabaki kweusi tii. Nyota zikaonekana mchana, na jua likawa limekaa peke yake katikati ya giza lile.

Tembo, aliyekuwa ameshafika kwa ile kazi ya maji, na ukubwa wake wote akasogea karibu na Bibi Digidigi.

"Kumbe ndivyo linavyokaa siku zote," akasema. "Halina hata wa kuongea naye."

"Ndiyo, shemeji," akajibu Bibi Digidigi. "Mtu hajui mpaka aone."

Wakafua. Tembo alivuta maji mtoni, akamwaga, chubwi chubwi. Twiga akasugua kwa kwato. Ilipofika suuza ya mwisho Bibi Digidigi akaleta kopo la buluu, ile ya kutilia kanzu nyeupe zing'ae. Buluu, kama mama zenu wanavyojua, hutiwa chembe tu, tena imefungwa kitambaani. Lakini Tembo hajawahi kufua hata leso.

"Kadogo hivi kwa nguo kubwa hivi?" akasema, akachukua kopo zima, akamimina lote.

Mbingu ikawa buluu. Wakasuuza, wakasuuza tena, wapi. Kingo tu ndizo zilizobaki nyeupenyeupe, kwa kuwa Tembo alizishikilia nje ya maji. Ndiyo maana mkitazama mbali, kule inakogusana na vilima, mnaiona imepauka.

Wakaianika. Nguo kubwa haikauki upesi, basi wakakaa kusubiri. Bibi Digidigi akapika chungu kizima, na safari hii kikaisha. Wakamkumbuka Kibwana, jinsi alivyokuwa akipiga chafya halafu anakimbia chafya yake mwenyewe. Wakacheka mpaka machozi. Tangu matanga yaishe, Bibi Digidigi hakuwa amesikia mtu mwingine akilitaja jina la mumewe.

Twiga akakumbuka kilichomleta.

"Sasa, Mzee Tembo, hayo mafuta yangu umeyaona wapi?"

"Mafuta gani? Wewe mavumbi yangu umeyaona wapi?"

Wakatazamana. Kisha wakamgeukia Bibi Digidigi.

"Shemeji," Tembo akauliza, "hii mbingu ilikuwa chafu?"

"Haikuwa."

"Kwa hiyo umetugombanisha, umetutoa jasho, na mbingu yenyewe tumeiharibu. Kwa nini?"

Bibi Digidigi akainamisha kichwa.

"Nilitaka watu. Mlikuja mkalala hapa kwa ajili ya aliyekufa. Mimi niliyebaki hai, hakuna aliyekuja kunitazama."

Twiga akainuka taratibu, akaichukua mbingu, akaitundika mahali pake. Mwanga ukarudi, lakini mwanga mpole, wa buluu. Tembo akatazama juu, akatazama tena.

"Haichomi macho," akasema.

"Haichomi," Twiga akaitikia, sauti imemshuka. "Basi hatuna tena cha kusingizia."

Nanyi wanangu, shikeni hili: aliye mpweke mwendeeni kabla hajalazimika kuwadanganya ndipo mje.