Digidigi, Raba na Bakuli la Uji

Mwaka ule mvua iliwasusa wanyama, hata nyasi mbichi zikawa jambo la kuhadithiana. Chakula cha kutegemewa kilikuwa uji wa shuleni, nao ulikuwa na masharti. Simba, mwalimu mkuu, ambaye hajawahi kudhani amekosea, alitangaza: "Anayekusanya kazi kabla ya kengele atapata bakuli lake. Asiyekusanya, bakuli lake atapewa jirani yake wa dawati."

Digidigi alikuwa hodari wa hesabu kuliko darasa zima, lakini hakuwahi kukusanya kazi. Akimaliza jibu, moyo unamwambia umekosea. Anafuta, anaandika jibu lile lile, anafuta tena, mpaka karatasi inatoboka. Hakuwa anadeka. Wasiwasi ulimkaba kwelikweli, na njaa ilikuwa inammaliza. Miguu yake, ambayo tangu zamani ni vijiti, sasa ilitia huruma.

Jirani yake wa dawati alikuwa Fisi. Kila Digidigi alipotaka kuinuka, Fisi alimnong'oneza kwa upole wa mtu aliyekuja kuposa, "Dada, una hakika? Mimi hiyo saba yako inanitia shaka."

Digidigi anaketi, anashika raba. Fisi, aliyekuwa akisinzia mpaka mwenzake amalize, ndipo huanza kunakili majibu taratibu. Anakusanya, anakunywa mabakuli mawili, anapangusa mdomo na kumpa Digidigi pole.

Sungura aliyekaa nyuma yao alichoka kuutazama ule mchezo. Akamwendea Simba.

"Mwalimu Mkuu, ukishanguruma, huwa unarudia ili kusahihisha?"

"Mimi? Nanguruma mara moja, mbuga nzima inanyamaza."

"Basi mfundishe Digidigi hivyo. Apitie kazi mara moja tu, na raba yake ikae mezani kwako. Asipojifunza kwako, atajifunza kwa nani?"

Simba alitikisa manyoya, akakubali. Kufika jioni alikuwa akiwasimulia wanyama kwamba wazo lile ni lake.

Kwa Digidigi, Sungura hakuzunguka. "Ukisubiri wasiwasi uondoke ndipo ukusanye, utakufa njaa. Kusanya ukiwa nao."

"Na nikiwa nimekosea kweli?"

"Utakuwa umekosea. Uji utakunywa."

Siku ya kwanza Digidigi alifika katikati ya darasa, akarudi kuketi. Alilia sana, akalala njaa. Siku iliyofuata alimaliza, akapitia mara moja, akainuka.

"Dada, una hakika?" Fisi alinong'ona.

"Sina. Napeleka hivyo hivyo."

Fisi akashika kalamu, amechelewa. Karatasi ya kunakili ilikuwa imeshakwenda, na yake ilikuwa na jina tu. Kengele ikalia. Akadai tumbo linamuuma. Simba akamjibu kwamba tumbo linalouma halifai kutiwa uji, akalisogeza bakuli la Fisi kwa Digidigi. Darasa lilicheka, na Sungura ndiye aliyecheka zaidi.

Simba akavaa miwani, akasahihisha. "Digidigi, hesabu ya nne umekosea."

Ukwato wa Digidigi ukapapasa dawati kutafuta raba. Haikuwapo.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema, akavuta bakuli la pili.