Kisoda na Kona Yake

Mgeni mdogo mpe kona. Nyumba ataichukua mwenyewe. Mmemsikia mama yenu akiwaambia hivyo wale waliotaka kupokezana mtoto mchanga, mkacheka, mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni, na mwenye simu aitie mfukoni, maana sirudii. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Kule Njombe, upande wa juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne, alikaa Mzee Mtewele, dereva wa greda aliyestaafu baada ya mgongo kumkatalia. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee, Edina, alikuwa na kazi Iringa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Redio ikisema, “Habari za asubuhi, msikilizaji,” mzee wa watu anaitikia, “Nzuri.”

Edina akaona baba anaharibika. Jumamosi moja akashuka kwenye basi na kikapu, na ndani ya kikapu mna kitoto cha mbwa cha kuenea kiganjani.

“Anaitwa Kisoda, baba. Ni wa ile jamii ndogo kabisa. Hata akizeeka hatazidi birika.”

“Huyu ni mbwa, au ni sampuli ya mbwa?” mzee akauliza. Lakini Kisoda alipomlamba kidole gumba kisha akajipenyeza kwenye mkono wa koti lake akalala, mzee akaukunja mkono polepole asimwamshe. Edina akamwachia maagizo: chakula kidogo mara nyingi, joto, na usingizi wa kutosha. Jumapili akarudi kazini.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Mgeni akifika, awe bibi harusi, awe mtoto wa jana, kila nyumba huja kumpakata au kumshika mkono na kumlisha tonge. Anayemfungia mgeni wake ndani huitwa mchoyo, na jina hilo kule halikutoki hata ukihama. Na Mzee Mtewele, jamani, hakujua kumkatalia mtu. Alikuwa wa kukubali mialiko miwili ya saa ile ile.

Jumatatu asubuhi akatangulia jirani yake, Mama Shukuru, na kipande cha ini mkononi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone!” akasema kwa kuimba, akamnyanyua Kisoda juu. Nyuma yake ikaja kwaya nzima ya kanisani. Wakaja wachuma chai, wakaja wanafunzi wa darasa la nne na mwalimu wao. Kisoda akitaka kusinzia, hodi! Akinusa kijiko, hodi! Anapokezwa huyu, anapokezwa yule. Na mzee mwenyewe, furaha tupu. Miaka mitatu hajaona watu wengi hivyo sebuleni. Akachemsha chai sufuria mbili, akasahau kabisa kwamba mgeni mwenye shughuli hajameza kitu tangu alfajiri.

Saa nane mchana Mama Shukuru alikuwa amerudi kupakata mara ya pili. Ghafla akapiga ukelele.

“Mzee! Mbona shingo yake imelegea?”

Mzee akamchukua. Miguu ya baridi, macho nusu. Hapo ndipo alipojua amempenda kiasi gani. Akamtia ndani ya koti, akatoka mbio na mgongo wake mbovu hadi kwa Bi Ngailo, afisa mifugo, mama mwenye maneno makavu aliyezoea kuzalisha ng’ombe.

Bi Ngailo akatazama fizi, akachovya kidole kwenye asali, akampaka Kisoda kinywani taratibu, kisha akamviringisha kwa sweta yake.

“Amekula nini leo?”

“Wamemletea ini, maziwa, dagaa…”

“Sikuuliza ameletewa nini. Amekula nini?”

Mzee akatazama sakafu.

“Amelala muda gani?”

Mzee akafuta uso kwa mkono wa koti.

“Amepakatwa na watu wangapi?”

“Kama… arobaini hivi.”

“Arobaini! Mungu wangu! Mzee Mtewele, huyu haumwi. Huyu amechoka kukaribishwa. Mwili mdogo hauna akiba. Asipokula na asipolala, nguvu zinamwishia anazimika kama koroboi.”

“Lakini ndiyo desturi yetu, Bi Ngailo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Mwenyeji apone, mgeni afe?”

Mzee akainamisha kichwa, machozi yakamtoka bila aibu. Wakakaa. Wakangoja. Mara kidogo, ulimi mwembamba ukachungulia, ukaifuata asali.

“Amelamba!” mzee akaruka kama aliyefungiwa goli na timu yake.

“Amelamba, ndiyo. Sasa mpeleke nyumbani, umpe kona moja yenye joto. Boksi na blanketi, basi. Chakula kijiko kimoja, kila baada ya saa tatu. Asishikwe na mtu.”

“Na watu je?”

“Watu utawaambia wewe.”

Hilo lilimtisha kuliko mbio zote alizokimbia. Hajafika vizuri nyumbani, Kisoda hajazoea boksi lake nyuma ya jiko, hodi! Mama Shukuru, na nyuma yake watu wa mtaa wa pili ambao walikuwa hawajapakata. Mzee akasimama katikati ya mlango.

“Mama Shukuru, leo hapana.”

“Hapana? Wewe? Umeanza uchoyo, mzee?”

“Niite mchoyo,” mzee akasema. “Mgeni wangu ni mdogo. Nimempa kona, aizoee kwanza.”

Mama Shukuru akamtazama macho yalivyoiva kwa kulia. Akageuka, akaburuta benchi, akaketi mlangoni kwa kishindo. “Basi nitakusaidia huo uchoyo. Haya, nyie, mmefuata nini? Rudini makwenu!” Na sauti yake ilikuwa ya zile za kwaya, hakuna aliyebisha.

Siku mbili Kisoda alikula na kulala tu. Siku ya tatu akatoa pua nje ya boksi. Siku ya nne akakagua jiko. Siku ya tano akaibwekea redio, mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Baada ya hapo hakuna aliyemweza. Akaenda mwenyewe kwa majirani, akawapanda mapajani mmoja mmoja, kwa saa aliyotaka yeye.

Mwisho wa mwezi Edina akaja. Akamkuta baba yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Kisoda amejinyoosha kwenye kiti cha mto, anakoroma.

“Baba! Mbona umekaa kwenye ndoo?”

“Shhh! Utamwamsha mwenye nyumba,” mzee akanong’ona, uso umejaa raha. “Mwanangu, mimi nilimpa kona tu.”

Mama Shukuru, aliyekuwa mlangoni, akayadaka maneno hayo akayatembeza mtaa mzima. Tangu siku ile, bibi harusi akiletwa kule huachiwa apumzike kwanza, na mwenye haraka ya kumwona huambiwa: mgeni mdogo mpe kona, nyumba ataichukua mwenyewe.