Kwa Nini Andazi la Mvuke Halifunuliwi Kabla ya Wakati

Wenye mikono miepesi ya kufunua sufuria jikoni, na mnajijua, haya yanawahusu.

Hapo kale huko Uchina, kabla andazi la mvuke halijajulikana, ngano ilisagwa, ikakandwa, ikachomwa juu ya jiwe na kuliwa ngumu hivyohivyo. Na ukungu wa milimani ulikuwa na njaa. Ukungu, naam! Kila alfajiri uliteremka bondeni, ukapenya chini ya milango na kupapasa nyuso za waliolala. Ulipogusa shavu la mtoto, laini na lenye joto, ulimchukua. Kulipokucha, wazazi walikuta mkeka mtupu wenye unyevu.

Katika bonde hilo aliishi mjane aitwaye Qiuhe, aliyekandia kijiji kizima unga. Ukungu ulikuwa umemchukua Heshan, mwanawe wa miaka tisa. Alibaki na Yanzi tu, binti wa miaka sita, na alijua wazi kwamba zamu ya Yanzi haiko mbali.

Kwa majonzi yake, alisahau bakuli la unga uliokandwa kando ya meko. Kosa la aibu kwa mtu wa kazi ile! Alipolikumbuka kesho yake, unga ulikuwa umefura na kunuka uchachu. Akaubonyeza kwa kidole aone ulivyoharibika. Ukadidimia, kisha taratibu ukainuka tena, vilevile shavu la mtoto linavyoinuka. Qiuhe alirudisha mkono haraka. Lakini hakuutupa.

Alfajiri iliyofuata alifinyanga madonge manane ya mviringo, akayapanga katika kikapu cha mwanzi juu ya maji yanayochemka, akakiacha wazi. Akamficha Yanzi nyuma yake. Ukungu ukaingia. Ulizunguka chumba polepole, ukafika kwenye kikapu, ukapapasa. Ukakuta ulaini na joto, ukajikunja wote humo ndani. Hapo Qiuhe akakibandika kifuniko.

Kisha kifuniko kikagongwa kwa ndani, ko, ko, ko.

"Mama," ikasema sauti ya Heshan. "Mama, huku kuna joto. Nifungulie."

Mzazi gani angevumilia? Machozi yalimbubujika, mkono ukaenda wenyewe. Akainua kifuniko upana wa kidole tu. Kikatoka kiganja kidogo cheupe cha mvuke, wala hakikumgusa yeye. Kilinyooka moja kwa moja hadi kwenye shavu la Yanzi.

"Baridi, mama!" mtoto akalia.

Qiuhe alikishindilia kifuniko kwa mikono miwili, kisha akakilalia kwa kifua. Aliungua, lakini hakuondoka. Sauti iliita, ikabembeleza, ikalia, mwisho ikafifia kabisa.

Alipofunua, madonge saba yalikuwa meupe na yamenona. La nane, lililokuwa upande ule alioinua, lilikuwa limenywea na kukunjamana kama uso wa kikongwe. Yanzi, mwenye njaa yake, hakungoja kuambiwa. Alirarua moja, mvuke ukampita puani, akala.

"Mama, tamu!" akasema, akachukua la pili. Nje jua lilikuwa limetanda bonde zima.

Na tangu siku hiyo ukungu huo hukaa ndani ya andazi, ndiyo maana ukilirarua unakuta vitundu kila mahali. Watu hulila asubuhi na chai ya moto. Wengine hulijaza nyama na kabichi, mchuzi ukawachirizika mpaka kiwikoni, nao hawajali. Ila kwanza huacha mvuke wa mwanzo uende zake. Na hakuna afunuaye kifuniko kabla ya wakati, hata akisikia nini, maana akifunua andazi hunywea na kukunjamana palepale.

Miaka ilipita, Yanzi akawa mama wa watu. Asubuhi moja, wakikanda pamoja, alimuuliza mama yake jambo lililomkaa moyoni siku zote.

"Mama, ulijuaje kwamba yule wa ndani ya kikapu hakuwa kaka?"

Qiuhe aliendelea kukanda kwa kitambo.

"Sikujua, mwanangu," akasema. "Kaka yako naye alikuwa hapiti bila kukushika shavu hilohilo, kama kiganja kile."