Kamba Mbili za Fahali wa Lisutsa

Sogeeni karibu, na anayeogopa damu azibe masikio mapema.

Huko Isukha, ambako mafahali hupiganishwa asubuhi mbele ya watu, waliishi watatu wenye vipaji. Shikuku alikuwa na mikono ambayo ikishika kamba haiachii. Ndugu yake Mukabwa alikuwa na nguvu zizo hizo, si pungufu wala zaidi. Wa tatu, Mwalimu Khavere, alikuwa mwanamke mwembamba ambaye kipaji chake kilikuwa kemia.

Siku moja fahali wa mzee Lisutsa alimshinda mpinzani wake, kisha akamgeukia Lisutsa mwenyewe. Alimdunga pembe begani, akamwangusha, akamkanyaga mbavu zikavunjika watu wakisikia. Lisutsa akalia kwamba atakayemwokoa atapewa mtamba wake, wa pekee aliyebaki.

Shikuku akarusha kamba, ikanasa pembe ya kulia. Akavuta kulia mpaka viganja vikachunika.

Mukabwa akarusha yake, ikanasa pembe ya kushoto. Akavuta kushoto mpaka viganja vikachunika. Ndivyo walivyozoea kusimama, kila mtu upande wake, maana fahali akiwa katikati hamfikii yeyote. Lakini fahali hakusogea, akaendelea kumponda mzee.

Khavere akapenya umati. "Mmekuwa kaboni dayoksaidi," alisema. "Oksijeni mbili zinavuta elektroni za kaboni kwa nguvu sawa, moja huku, moja kule, na mivuto inafutana. Kuweni maji. Molekuli ya maji imepinda, ndiyo maana mivuto yake inajumlishana upande mmoja. Njooni mbele ya fahali nyote wawili, mwachane kidogo tu."

Naam, mtu anakufa na mwalimu anafundisha. Lakini walimtii. Kwa kamba zile zile na nguvu zile zile, fahali aliburutwa mbele, akamwacha Lisutsa. Akamfikia Mukabwa, akampasua paja hadi mfupa, kabla watu wa umati wenye mikuki hawajamuua fahali huyo.

Shikuku alisema bila kamba zao maneno ya mwalimu yangekuwa kelele tu. Khavere akajibu kwamba kamba walikuwa nazo tangu mwanzo, na mzee alikuwa anakufa.

Mukabwa alisema akiwa amelala kwenye damu yake: "Mwalimu, pale niliposimama kwanza nilikuwa mzima."

Lisutsa alipona. Mtamba amefungwa uani, na mtamba aliye hai hagawanywi sehemu tatu. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba ya mtamba huyo, huku Mukabwa anakutazama?