Sifa za Gari Muulize Aliyebaki Nyuma

“Sifa za gari muulize aliyebaki nyuma.” Mliisikia jana kwenye mkutano wa kuchagua mwenyekiti wa mtaa, pale yule bwana aliyehamia juzi alipomaliza kujisifu, mama mmoja akamtupia maneno hayo kutoka kiti cha nyuma. Mkacheka kwa kuwa wenzenu walicheka. Leo mnakuja kuniuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianzia hapahapa Muheza, na punda aliyeibeba mpaka ikafika masikioni mwenu ni mimi, Shekiondo, babu yenu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mwenye masharubu yaliyokuwa na kitana chake. Nilikuwa nikichukua machungwa mashambani na kuyapeleka sokoni kwa gari la kukodi, mpaka nikaamua kununua langu. Muuzaji alikuwa na pikapu mbili, zote zimeshatumika: moja ya dizeli, moja ya petroli. Kwetu gari halinunuliwi na mtu mmoja. Nilikwenda na shemeji yangu Mbwana, majirani wawili, na mjomba mmoja ambaye mpaka leo sijui alialikwa na nani. Tulipanda wote, gari moja baada ya jingine, mpaka juu ya kilima chetu na kurudi.

Ile ya petroli ilipanda ikilalamika kama mkwe aliyenyimwa nyama. Ile ya dizeli ilipanda kana kwamba sisi wote tumebaki nyumbani. Tena muuzaji alisema inakula mafuta kidogo kuliko mwenzake, na hapo hakudanganya.

“Chukua hii, shemeji,” Mbwana akasema. “Hii dume.”

Nikachukua dume. Lakini shikeni neno moja hapo: sote tulikuwa ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyebaki barabarani.

Katikati ya kilima kile, mahali ambapo dereva mwenye mzigo lazima abadilishe gia, ndipo alipokaa Bi Mwanamvua. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kufua kofia. Msidharau. Kofia iliyodariziwa kwa mkono ikifuliwa ovyo inakuwa kama chapati ya jana. Yeye aliifua, akaichovya kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akaivalisha bakuli lililopinduliwa, akaianika uani. Ikikauka inasimama wima kama askari. Uani kwake mabakuli yalipangwa safu kwa safu, yote yamevaa kofia nyeupe, utadhani kuna watu wamefukiwa mpaka shingoni wakisubiri sala ya Idi.

Miezi minne nilipita mlangoni kwake mara sita kwa siku. Kila niliyempa lifti alilisifu gari langu. Vioo vya pembeni nilikuwa navyo, lakini nilivitumia kutazama masharubu.

Nikasikia kwamba wateja wa Bi Mwanamvua wanapungua. Wanasema kofia zake siku hizi zina madoa. Wengine walisema macho yamemchoka, wengine walisema ni uzee. Nami nikasikitika, nikasema maskini, nikapita zangu na dume langu. Alijaribu kuanika ndani, kofia zikatoka na harufu ya unyevu. Akabakiwa na kofia za Idi tu, na mwenyewe aliwaambia watu wazi: hizi nazo zikirudi na madoa, anafunga kazi, anakwenda Korogwe kwa kaka yake kulishwa kama kifaranga.

Katika kofia hizo za Idi, moja ilikuwa yangu.

Siku nne kabla ya Idi nilikwenda kuichukua, gari limejaa machungwa, Mbwana akinisubiri ndani yake. Nikaigeuza huku na huku, damu ikanipanda.

“Bi Mwanamvua, hii kofia au chui?”

“Chui,” akajibu bila kunyanyua uso kwenye beseni lake.

“Sasa mimi nitaswali na chui kichwani?”

“Si ni wako, mwanangu? Mimi nimemfulia tu.”

“Wangu vipi?”

Akajifuta mikono kwenye kanga, akanitazama vizuri. “Hebu nikuulize. Tangu umenunua hilo gari, umewahi kulipisha?”

“Kulipisha?”

“Kusimama pembeni likupite. Likuache.”

Nikacheka. “Nani anayesimama pembeni gari lake limpite? Nitafikaje niendako?”

“Basi leo hufiki popote. Kaa hapa kwenye kigoda changu. Mwambie shemeji yako alishushe mpaka chini, halafu apande nalo na machungwa yako yote.”

Nilikaa kwa kumdhihaki. Mbele ya miguu yangu kulikuwa na safu mpya ya kofia, wanga bado mbichi. Mbwana akashuka, akageuza, akaanza kupanda. Nikalisikia dume langu likija, nikatabasamu. Likafika mlangoni, Mbwana akabadilisha gia, akakanyaga mafuta.

Wajukuu zangu, kwa mara ya kwanza nililiona gari langu kwa nyuma.

Kilichotoka pale kilikuwa kama mtu amekung'uta gunia la mkaa. Ulikuja moshi mweusi, mzito, ukaingia uani kama mwenyeji, bila hodi. Nilikohoa mpaka kigoda kikaniacha. Ulipopungua nikafungua macho yaliyojaa machozi. Juu ya kofia zile, masizi yalikuwa yametua kama pilipili manga iliyosagwa. Nikainama haraka niyapulize.

“Usipulize, utayapaka,” akanizuia. “Wanga mbichi na masizi wakikutana, wakikauka pamoja hiyo ndoa haina talaka. Tena hayo unayaona kwa kuwa kofia ni nyeupe. Yaliyoingia kifuani kwangu nani atayaona?”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikupungia mkono mara ngapi? Ukanipungia na wewe.”

Kweli. Nilidhani ananisalimu.

Nikashika la kijinga lililokuwa karibu. “Lakini bibi, kila aliyepanda gari hili analisifu!”

“Aliyepanda anasifu kiti,” akasema. “Sifa za gari muulize aliyebaki nyuma.”

Mbwana alikuwa amesharudi kwa miguu, amesimama mlangoni, na mdomo wa Mbwana haukuwahi kulala na siri. Kufika jioni soko zima lilikuwa na msemo huo. Nauza machungwa, mteja ananiuliza, “Matamu?” Kabla sijajibu, jirani anadakia: “Usimuulize yeye, muulize aliyebaki nyuma!”

Nikalipeleka gari kwa fundi. Akaniambia nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini zimechoka, mafuta hayaungui yakaisha. Zikitengenezwa moshi utapungua, ila kwa injini kuukuu kama ile masizi hayataisha. Nikamuuliza habari za petroli. Akasema petroli haitemi masizi kama yale, lakini inakula mafuta zaidi, na moshi wake usioonekana nao unakwenda juu kuipasha dunia joto. “Gari linalopumua marashi,” akasema, “mimi sijawahi kulifungua.”

Nikarudi kwa yule muuzaji na watu wangu walewale. Safari hii hawakuamini macho yao: niliwapandisha wote ile pikapu ya petroli, mimi nikabaki uani kwa Bi Mwanamvua na kofia moja mbichi mbele yangu. Ikapita ikilalamika vilevile. Tukaitazama kofia. Nyeupe.

“Haya, aliyebaki nyuma,” nikamwambia, “sema.”

Akanusa hewa kwanza. “Macho hayakulia. Ila harufu ipo. Ukisimama mlangoni kwangu kupakia watu, uzime. Na hizo safari sita za gari nusu tupu, hazina maana.”

Nikabadilishana na muuzaji, nikaongeza juu. Safari nikazifanya tatu, gari limejaa sawasawa. Mafuta niliyoogopa kuyapoteza kwa petroli, mengi yake nikayaokoa hapo. Zamani nilikuwa nikipanda kilima kile kusifiwa tu.

Na kofia za Idi? Tulizifua upya, yeye na mimi, siku tatu mfululizo, vidole vikanikunjamana kama vya mtoto mchanga, wapita njia wakinitania. Siku ya Idi uwanja mzima ulikuwa mweupe. Bi Mwanamvua hakwenda Korogwe. Alifua kofia pale miaka kumi na saba zaidi.

Nyeupe zote, isipokuwa moja. Ile ya kwangu, wanga ulishakauka, haikutakata hata kwa ndimu. Ni hii niliyovaa. Bibi yenu ameshataka kuichoma mara mbili. Mimi huivaa kila nikisifiwa sana.

Sasa, yule bwana wa jana anayetaka uenyekiti, kule alikohama alisema anaitwa nani, mkombozi? Inawezekana. Mimi simjui. Lakini kule wapo watu aliowaacha, na nauli ya kwenda si kubwa. Kabla hamjampigia kura, nendeni. Sifa za gari muulize aliyebaki nyuma.