Gari Lililopashwa Moto

Joto huficha, baridi hufichua. Juzi mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo binti aliyekuwa anasifia mchumba wa wiki mbili, nanyi mkataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kijijini kwetu Itebe.

Atupele alikuwa mkunga wa zahanati. Toka Itebe hadi hospitali ya wilaya ni mteremko mmoja mrefu na vilima vitatu, na wajawazito walikuwa wakipelekwa kwa pikipiki. Mwaka ule wawili hawakufika. Wakulima wa chai wakachanga msimu mzima, kisha wakamtuma Atupele na mwenyekiti, Mzee Anyosisye, wakanunue gari mjini Tukuyu.

Fedha yenyewe ilitosha gari kuukuu tu. Wakalipata kwa Bwana Swebe: pana, jeupe, la bei rahisi, limetembea kilomita ambazo Mzee Anyosisye alizisoma mara mbili. Swebe akawaambia kilomita si kitu, injini ndiyo moyo. Akawasha. Injini ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mwenyekiti akatabasamu, mkono ukaenda mfukoni.

Atupele akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto. Na Swebe alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba gari halijatoka pale uani tangu jana.

Marehemu baba yake Atupele aliendesha lori la chai miaka ishirini. Kila alfajiri, kabla ya kuondoka, aliisikiliza injini inavyoamka. Alimfundisha bintiye kwamba injini iliyochakaa ikishapata moto hutulia, chuma hutanuka na kuziba nafasi zilizolika, na mgonjwa akaonekana mzima.

Atupele akazima gari, akachomoa ufunguo, akaufumbata.

"Tutangoja lipoe," akasema.

Swebe akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kuna mfanyabiashara wa ndizi anayelitaka gari hilo, yuko njiani. Atupele akamjibu kwamba akija naye atangoja. Wakakaa kwenye benchi la mbao chini ya bati. Mvua ikaanza, ile nyembamba ya Tukuyu isiyokatika. Mara mbili Swebe aliomba ufunguo, mara ya kwanza eti afunge vioo, mara ya pili eti alisogeze kidogo. Vioo Atupele alivifunga mwenyewe. Ufunguo hakuutoa.

Saa ya pili ya kungoja ilikuwa inakwisha simu yake ilipolia. Alikuwa msaidizi wake wa zahanati. Sekela, mke wa seremala, ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Lazima afikishwe hospitali.

Mzee Anyosisye alisikia kila neno. Akasimama.

"Nesi, toa ufunguo nilipe tuondoke nalo. Mtu anakufa kule."

"Ndiyo maana siwezi, baba. Likituzimikia mlimani naye yumo ndani, tutamwambia nini mumewe?"

"Na tukichelewa kwa sababu ya ukaidi wako?"

Atupele alijua kwamba Sekela akifa, kijiji kizima kitalitaja benchi lile. Akaenda kwenye boneti, akaigusa. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaingia, akawasha.

Gari likakohoa, likakataa. Akawasha tena. Safari hii likaamka kwa kishindo, chuma kikigonga chuma kama mtu anayepiga sufuria tupu, na nyuma ukafumuka moshi wa bluu ukafunika ua wote. Akashuka, akafungua boneti na kifuniko cha oili huku injini inaunguruma. Moshi ukamtokea usoni, dalili ya injini iliyolika ndani. Mzee Anyosisye alikuwa karibu na mlango wa gari, ameshika kofia yake.

"Naweza kupunguza bei," akasema Swebe kwa sauti ndogo.

Atupele akamwekea ufunguo kiganjani, akatoka mbio na mwenyekiti hadi kituo cha malori ya chai. Dereva mmoja aliyemjua baba yake akaacha kupakia, akawapandisha Itebe, wakamchukua Sekela. Sekela alishushwa hospitalini jua likizama, amelazwa juu ya magunia, mkono wake umemng'ang'ania mkunga. Madaktari wakampasua. Mama akapona, na mtoto wa kike akalia.

Wiki ile ile mwenye ndizi alilinunua lile gari likiwa limepashwa moto vizuri. Lilifia kilima cha pili, injini imevunjika ndani, ndizi zikaozea barabarani. Habari zilipofika Itebe, Mzee Anyosisye aliitisha mkutano, akaomba radhi kwa Atupele mbele ya watu wote. Hakueleza mengi. Alisema tu, na tangu siku ile tunasema, kwa gari, kwa rafiki, na hata kwa mchumba wa wiki mbili: joto huficha, baridi hufichua.